Makauboi Wazee na Kisu cha Babu

Umeme ukikatika ofisini kwetu, jenereta huwashwa chini ya dirisha langu, na wenzangu hukimbilia kufunga madirisha huku wakilaani moshi. Mimi hufungua la kwangu. Wanadhani nina kasoro, na nimewaacha wadhani hivyo, kwa sababu kueleza ni kwa nini mwanamke wa umri wangu anapenda kunusa petroli kunanilazimu nianze na babu yangu, na nikianza na babu yangu siku ya kazi imekwisha.

Harufu hiyo ndiyo iliyokuwa ikitupokea mimi na Babu kila Jumapili mchana, kule Uru, mlimani juu ya Moshi mjini, tulipotoka misa ya pili na kushuka hadi kwenye kibanda cha video cha Bosco. Kibanda chenyewe kilikuwa stoo ya kahawa. Miaka ile kahawa ilikuwa imeanza kuwachosha watu; wanunuzi binafsi walipita na magari yao, leo wapo, kesho hawapo, na baadhi ya wazee walikuwa wameng'oa mibuni wakapanda nyanya. Stoo ikabaki tupu. Bosco, kijana aliyerudi kutoka Nairobi na televisheni moja, deki moja na maneno mengi sana, akaikodi, akaziba madirisha kwa magunia yale yale ya kahawa, akapanga mabenchi, na jenereta akaliweka nyuma chini ya mparachichi. Ndani kulikuwa na giza la saa nane mchana, harufu ya magunia, harufu ya makoti ya wazee, na moshi uliopenya kwenye nyufa za mbao ukatuwasha macho wote.

Kanda zilivuka mpaka wa Holili ndani ya mabegi ya akina mama waliokwenda upande wa Kenya kufuata sabuni na mafuta ya kupaka. Vijana walitaka karate, wasichana walitaka picha za Kihindi. Lakini katika mzigo mmoja zikaja kanda tatu za makauboi ambazo vijana walizisusa tangu siku ya kwanza. Walikuwa wamemzoea kauboi kijana, mwenye meno meupe, ambaye anapiga risasi sita na watu kumi wanaanguka. Hawa wa kanda tatu walikuwa na mvi. Walikohoa. Walitafuta kisiki cha kukanyaga ndipo wapande farasi. Bosco hakuwa mtu wa kutupa kitu, akaamua kanda hizo ziwe za Jumapili mchana, saa ambayo vijana wako uwanjani na wazee hawana la kufanya mpaka ng'ombe wakatiwe majani.

Babu yangu hakukosa hata Jumapili moja. Nami nilikwenda naye kwa amri ya Bibi. Kazi yangu ilikuwa kumshika mkono kwenye mteremko, na kuhakikisha kwamba tukirudi hatupitii kwenye pombe ya mbege kwa jirani. Hiyo ya kwanza niliifanya vizuri.

Picha tuliyoiona mara nyingi zaidi ilimhusu mzee mrefu aliyevaa koti refu la rangi ya vumbi. Jina lake hatukulijua, sisi tulimwita Mzee Koti. Zamani alikuwa muuaji wa kutisha, sasa ameacha, anafuga nyuki peke yake kwenye nchi kame isiyo na hata mgomba mmoja, jambo ambalo wazee wetu walilihurumia kabla hata matatizo yake hayajaanza. Watu wakaja wakachoma mizinga yake na kumuua ndugu yake. Ndipo mzee akafukua bastola aliyokuwa ameizika chini ya jiko. Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Alikwenda nyuma ya nyumba kujaribu kuichomoa kiunoni, ikamponyoka, na alipoinama kuiokota mgongo ukagoma kunyooka. Wazee wote kibandani waliguna kwa pamoja, kana kwamba mgongo ule ulikuwa wao.

Kiingereza hatukukijua, na leo nina hakika kwamba Bosco naye alikijua kidogo mno. Alisimama kando ya televisheni na fimbo mkononi akatutafsiria, na katika tafsiri yake Mzee Koti alikuwa anapigania kihamba cha baba yake, shamba la urithi, ndugu aliyeuawa alikuwa kitinda mimba, na wale wabaya walikuwa wametumwa na mtu wa mjini mwenye hati ya uongo. Kabla ya mapigano ya mwisho, mzee alikaa kwenye kiti mbele ya nyumba yake akaulizwa kitu na jirani. Midomo yake ilitamka maneno mengi, lakini Bosco alitupatia mawili matatu tu, kwa sauti ya chini: "Waache waje. Watanikuta." Wazee walikuwa wakiyasubiri maneno hayo. Wengine walitamka pamoja naye.

Halafu ilikuja mvua, na barabara ya tope, na mauaji ambayo hakuna mtoto wa umri wangu aliyepaswa kuyaona. Hayakuwa ya kuanguka na kunyamaza. Mmoja alitambaa kwenye tope akishikilia tumbo lake muda mrefu, na picha haikumwacha. Mwingine aliomba maji. Na mwisho wa yote Mzee Koti mwenyewe akakaa kwenye ngazi ya duka, akiwa na tundu ubavuni, akafa macho yakiwa wazi, na hata muziki haukupigwa.

Sisi watoto tulikuwa na imani moja kubwa kuhusu video: steringi hafi. Unaweza kumpiga, kumfunga, kumtupa mtoni, lakini hafi. Mara ya kwanza nilikaa pale nikisubiri Mzee Koti ainuke. Nilisubiri mpaka Bosco alipozima deki. Nikamgeukia Babu nimwambie picha imeharibika, nikamkuta ametulia kabisa, mikono juu ya magoti, uso wake kama wa mtu aliyetoka kupokea komunyo.

"Babu, mbona amekufa?"

"Amekufa vizuri," alisema.

Njia nzima ya kupanda kurudi nyumbani alinifafanulia. Je, nilimwona mzee yule hana haraka? Je, niliona alivyochagua kukaa mahali ambapo jua liko nyuma yake? Kijana ana mkono mwepesi, mzee inabidi atumie akili, na Babu alizipenda picha zile kwa sababu zilisema jambo hilo bila kuficha aibu yake: kikohozi, mgongo, macho yanayohitaji kufinywa ili kuona mbali. Nimeona filamu nyingi tangu wakati huo, katika kumbi zenye viti vya kulala, na bado naamini kwamba zile tatu za Bosco zilikuwa za kiume kweli, na ninasema hivyo nikiwa mwanamke. Ziliwaheshimu wazee kiasi cha kuwaonyesha jinsi walivyo. Sijui ni nani kule zilikotoka aliyefikiri kwamba atatazamwa na wakulima wa kahawa wa Uru, lakini alikuwa anawafahamu.

Ila mtoto hujifunza anachoweza. Kwangu mimi picha zote tatu zilikuwa na kanuni moja. Mzee anakosewa. Hanyamazi. Anafanya mazoezi kwa siri. Kisha anakwenda, watu wanakufa, na yeye mwenyewe anakufa. Niliishika kanuni hiyo kama nilivyoshika katekisimu.

Sasa, Babu yangu naye alikuwa na silaha yake. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa mchinjaji wa ukoo wetu. Ng'ombe wa harusi, wa msiba, na zaidi ya wote, ng'ombe wa Krismasi, ambaye alinenepeshwa zizini mwaka mzima ili watoto wa ukoo wakipanda kutoka Dar, Arusha na Mombasa wamkute. Kisu chake kilikuwa kirefu, chembamba kwa kunolewa, mpini wa pembe, na kilikaa ndani ya ala ya ngozi kwenye ukuta juu ya kitanda chake, karibu na msalaba. Watu walisema ng'ombe wa Meku, ndivyo walivyomwita Babu, hashtuki. Anapitisha mkono mara moja, na mnyama anainamisha kichwa kana kwamba amekumbuka kitu.

Lakini Krismasi moja mkono ulikosea. Alipitisha mara moja, haikutosha, akapitisha tena, na ng'ombe akainuka. Aliinuka na kamba zake, koo nusu wazi, akawatupa vijana wawili na kukimbilia migombani, akatapakaza damu mahali pote, hadi kwenye nguo za kanisani za wageni waliokuwa wamekaa. Walimfuata kwa mapanga. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko na nilisikia tu kelele zake, na zilichukua muda. Baba Mkubwa Aloisi, mtoto wa kwanza wa Babu, aliyekuwa na duka la vipuri vya magari Dar es Salaam, alisimama uani na shati lake jeupe limekuwa jekundu, akasema, "Baba, jamani." Hakusema zaidi. Mwaka mzima hakuna aliyelizungumza jambo hilo mbele ya Babu.

Krismasi iliyofuata ilipokaribia ikaja barua. Babu hakuwa na miwani, kwa hiyo barua zote nilimsomea mimi, barazani, kwa sauti ya darasani. Ndivyo ilivyotokea kwamba tusi lile lilitoka kinywani mwangu. Baba Mkubwa aliandika kwamba mwaka huu atapanda na gari lake, na katika gari hilo atamleta mchinjaji kutoka Moshi mjini, mtu wa kazi hiyo, ili yasijirudie ya mwaka jana. "Wewe Baba upumzike," nikasoma. "Tutakuwekea kiti mahali pazuri."

Babu alinisogezea sikio. Akaniomba nirudie pale kwenye kiti. Nikarudia. Akaichukua barua, akaikunja ndogo, akaitia mfukoni mwa koti, akatazama njia inayopanda kutoka mjini.

"Mwache aje," alisema. "Atanikuta."

Mzee alikuwa amekosewa, na alikuwa amekwisha kutamka maneno yenyewe. Sasa nilichosubiri ni mazoezi ya siri, na hayakuchelewa. Siku ya pili, saa ya kukata majani ya ng'ombe, nilimwona anaingia migombani na kisu kile badala ya mundu. Nikamfuata nikajificha nyuma ya mbuni. Alitafuta mgomba uliokwisha kuzaa, ule ambao hukatwa wapewe ng'ombe, akatoa kipande cha mkaa mfukoni na kuchora mstari kuuzunguka. Mstari ulikuwa kwenye kimo cha shingo ya mtu. Nilipoangalia vizuri nikaona kwamba ulikuwa kwenye kimo cha shingo ya Baba Mkubwa, ambaye ni mrefu kidogo kuliko Babu. Akasimama, akavuta pumzi, akapitisha kisu. Kilitua chini ya mstari. Akapitisha tena, kikatua juu. Nikamwona anaushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto na kuubana kifuani, kama unavyomtuliza mtoto.

Alifanya hivyo siku tatu. Siku ya tatu aliukata mgomba mmoja mara tano bila kuupata mstari, kisha akakaa chini kwenye majani makavu, na mimi nyuma ya mbuni wangu nikawa nalia kimyakimya. Nilimpenda Babu yangu. Nilimpenda na Baba Mkubwa pia, aliyekuwa akiniletea biskuti za maziwa na kuniita profesa. Nilijua mmoja atamuua mwingine, kisha atakaa kwenye ngazi na kufa macho yakiwa wazi, na Krismasi yetu itakuwa tope na damu, wala hakuna mtu mzima nyumbani aliyekuwa na habari kwa sababu wote walitazama karate, si kanda zetu.

Alasiri kabla ya siku ya kuchinja, Babu alipokwenda kanisani kuungama (hata hilo nililihesabu kama ushahidi), nilipanda kitandani kwake nikakitoa kisu na ala yake. Nikakimbia nacho hadi kwenye mfereji wa maji ulio juu ya kihamba chetu, nikakiingiza chini ya mizizi ya mringaringa, nikaziba na udongo. Kisha nikaenda kumenya ndizi na wenzangu kama mtu asiye na dhambi.

Kesho yake saa nne asubuhi ukoo wote ulikuwa uani. Baba Mkubwa alikuwa amefika na pikapu, na mchinjaji wake, kijana mpole aliyevaa mabuti meupe ya plastiki, alikuwa amekaa pembeni akingoja amri. Wanaume walisimama kuzunguka majani ya mgomba yaliyotandikwa chini. Sisi wanawake na watoto wa kike tulikaa upande wa jikoni, kwa kuwa kwetu uwanja wa kuchinjia ni wa wanaume na hakuna msichana anayekanyaga yale majani. Ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye nguzo, analia.

Babu alitoka na koti lake la kanisani. Alimtazama kijana wa mabuti meupe, akamsalimu vizuri, akamwambia mwanawe mbele ya watu wote, "Aloisi, umekuja na mgeni, amekaribishwa. Ila hapa panachinjwa kwa kisu changu." Akaingia ndani kukichukua.

Akakawia humo. Akatoka mikono mitupu. Akaingia tena, tukasikia anasogeza kitanda. Bibi akamfuata, tukasikia masanduku yanafunguliwa. Alipotoka mara ya pili kofia ilikuwa imeanguka na mvi zake zilikuwa na utando wa buibui.

"Baba," Baba Mkubwa alisema taratibu, na ule utaratibu ndio uliouma, "hebu kumbuka vizuri. Jana ulikiweka wapi?"

"Pale pale."

"Pale hakipo, Baba."

"Nilikiweka pale pale, Aloisi. Nilikinoa, nikakiweka."

Wanaume walianza kuangalia viatu vyao. Mtu mmoja nyuma alimwambia mwenzake, si kwa ubaya, "Uzee huo, mbe." Mwingine akasema labda amekiacha migombani, wazee husahau. Babu alisikia. Niliona anawageukia, halafu anageuza macho kutazama viganja vyake, akivikunjua na kuvikunja, na uso wake ukabadilika kabisa. Mkono alikuwa amekwisha kuuzoea. Hakuwa amejua kwamba na kichwa nacho kimeondoka.

"Labda nimesahau," alisema kwa sauti ndogo.

Sijawahi kuchukia kitu nilichokifanya kama nilivyochukia kile. Nilikuwa nimeogopa afe kwa risasi, na sasa niliona namna anavyokufa kwa sababu yangu, amesimama, mbele ya wanawe. Mama alinishika gauni nilipoinuka lakini nilikuwa nimekwisha kupita. Nilikanyaga majani ya mgomba. Nikasikia shangazi nyuma yangu, "Yesu na Maria, huyu mtoto!"

"Hajasahau," nikasema. "Mimi ndiye niliyekificha."

Baba Mkubwa akachuchumaa mbele yangu. "Profesa, kwa nini?"

"Kwa sababu Babu anataka kukuchinja."

Kuna mtu alicheka, akaacha. Nikaendelea kwa sababu sikujua jinsi ya kusimama. Nikaeleza yote: barua, Mzee Koti, waache waje watanikuta, mkaa, mstari kwenye kimo cha shingo, siku tatu za mazoezi migombani. Nilikuwa katikati ya habari ya mgomba wa mwisho nilipoona macho ya Babu, na ndipo nikaelewa ninachokifanya. Nilikuwa natangaza siri yake mbele ya watu aliowaficha. Nikafumba mdomo, lakini nilikuwa nimechelewa.

"Kilete," Babu alisema.

Nikakimbia, nikarudi nacho kimejaa udongo. Alikichomoa kwenye ala, akakifuta taratibu kwenye pindo la koti lake la kanisani, upande mmoja, kisha wa pili. Aliponitazama hakuwa na hasira. Aliniuliza kama anavyomuuliza mtu mzima.

"Wewe ndiye uliyeona. Sema mbele yao. Mkono ulikuwaje?"

Nilitaka kudanganya. Ninaapa mpaka leo kwamba uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi. Nilijua kwamba neno moja kutoka kwangu lingemrudishia kila kitu, na kwamba kijana wa mabuti meupe angerudishwa mjini na nyama ya kubeba. Lakini Babu alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sikuweza kuichezea.

"Ulitetemeka, Babu," nikasema. "Siku zote tatu. Ule mstari hukuupata."

Akatikisa kichwa kukubali, mara mbili. "Aika, ahsante, mjukuu wangu," alisema. Kisha akageuka. "Mmesikia. Aloisi, njoo hapa."

Baba Mkubwa akasogea, akidhani anaitwa amsaidie kukaa. Babu akamwekea kisu mkononi.

Katika kanda zote tatu hakuna mzee aliyewahi kumkabidhi mtu silaha yake. Walikufa wameishikilia, au ilitolewa kwenye vidole vyao. Kwa hiyo sikujua tunachokitazama, na kwa uso wake, Baba Mkubwa naye hakujua. Alikuwa mfanyabiashara. Alikuwa hajawahi kuchinja hata kuku. Tangu utotoni, Bibi alituambia baadaye, damu ilikuwa ikimfanya aende nyuma ya nyumba.

"Baba, mimi siwezi. Ndiyo maana nimemleta huyu bwana."

"Najua ndiyo maana. Mkono wangu umekwisha, hilo nimelijua kabla yako, nikaenda migombani kujihakikishia. Nilitaka Krismasi moja tu ya kukuonyesha, halafu nikupe. Lakini kisu cha nyumba hii hakiendi kwa mtu wa kukodi wakati nina mtoto wa kwanza amesimama na mikono miwili." Akamgeukia mchinjaji. "Kijana, usiende. Utatusaidia kuchuna ngozi. Nimeambiwa watu wa mjini mnachuna vizuri."

"Ndiyo, mzee. Shikamoo," alijibu kijana wa watu, na wote tukacheka kwa kuwa tulikuwa tumebanwa pumzi muda mrefu.

Vijana wakamwangusha ng'ombe wakamkalia. Babu akapiga magoti kwenye majani yale na koti lake la kanisani, akakivuta kile kichwa kikubwa kwenye mapaja yake, akaikunja shingo mpaka ngozi ya kooni ikakazika. Hakuna aliyekumbuka kunifukuza, kwa hiyo nilikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Baba Mkubwa alipiga magoti upande wa pili, jasho linamtiririka, na kisu mikononi mwake kilikuwa kinatetemeka kuliko nilivyowahi kukiona kikitetemeka mikononi mwa Babu.

"Usinitazame mimi," Babu alimwambia. "Wala usimtazame yeye. Tazama kidole changu." Akakiweka kidole cha shahada juu ya shingo ya mnyama. "Kisu kipite hapa. Mara moja, usirudie. Kidole changu nitakitoa."

Hakukitoa. Nadhani aliona kwamba akikitoa mapema mwanawe atapotea, maana Baba Mkubwa alikuwa amekodoa macho pale kama mtu anayezama anavyotazama ukingo. Mkono ukapita, mzito, wenye woga, lakini ukapita mahali penyewe, kwenye ule mstari wa kidole. Ng'ombe akatetemeka, akapiga mguu, akaachia pumzi ndefu, wala hakuinuka. Damu ikaingia kwenye beseni. Wanaume wakapiga yowe la shangwe, Bibi akapiga vigelegele upande wa jikoni, na Baba Mkubwa akabaki amepiga magoti analia na kucheka, anasema, "Baba, nimeweza. Baba, umeona?"

"Nimeona," Babu alisema. "Umefanya vizuri. Hakushtuka hata kidogo."

Wakamwinua Baba Mkubwa, wakambeba. Hapo Babu akainuka peke yake, akajishika kwenye bega langu, na nikaona. Kidole cha shahada kilikuwa kimekatwa hadi kwenye mfupa. Alikikunja ndani ya ngumi, akaitia ngumi mfukoni mwa koti, na koti likaanza kulowa. Uso wake haukuonyesha chochote. Aliinama kidogo kunisogelea.

"Na hili nalo utalitangaza?"

"Hapana, Babu."

Tuliondoka pamoja polepole kuelekea mferejini, mimi nikiwa nimemshika mkono ule mzima, akakiosha kidole pale, nikakifunga kwa kitambaa changu cha kichwani. Watu wengine aliwaambia kwamba amejikata na mundu wa majani, na hakuna aliyeshangaa, mzee na mundu. Kidole hakikukunjika tena. Na kila Krismasi iliyofuata, Baba Mkubwa alipomaliza kuchinja na kushika kibuyu cha mbege, alisimama uani mbele ya ukoo wote kusimulia jinsi siku ile ya kwanza, bila kufundishwa na mtu, kisu chake kilivyopita safi na hakikumgusa kiumbe mwingine zaidi ya ng'ombe. Kisha alimgeukia baba yake athibitishe.

"Ni kweli kabisa," Babu alijibu kila mwaka, mkono wake ukiwa mfukoni. "Mimi nilikuwepo."